Moshi, meza, mtambo: jinsi ninavyosoma vitabu vilivyozaliwa na misukosuko ya Ulaya

Siku moja nilisimama mbele ya darasa la watu wazima nikatamka, bila hata kupepesa macho, kwamba Les Misérables ya Victor Hugo ni riwaya ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Hawa wanaopigana humu wako mwaka 1832." Kitabu alikuwa nacho, kidole amekibana kwenye ukurasa. Mimi kitabu hicho nilikuwa nimeshakisoma mara mbili. Tena nilikuwa mkutubi, mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuandika miaka ya vitabu kwenye kadi. Miaka nilikuwa nainakili tu, sikuwa najiuliza ni miaka ya nini.

Tangu siku hiyo siingii kwenye riwaya ya Ulaya, wala shairi, wala kitabu cha falsafa, kabla sijaandika kwa penseli mistari mitatu upande wa ndani wa jalada. Kama kitabu ni cha kuazima, naandika kwenye kipande cha karatasi. Mistari hiyo naiita moshi, meza na mtambo.

Moshi ni mwaka wa ghasia zinazosimuliwa: vita, mapinduzi, mfalme anayekatwa kichwa. Meza ni miaka ambayo mwandishi alikaa kuandika. Mtambo ni mwaka kitabu kilipopigwa chapa, na hapo naongeza mji, kwa sababu mara nyingi mji ndio wenye habari. Ukishaandika, tazama mapengo. Kati ya moshi na meza uliza: alipokuwa akiandika haya, nje ya dirisha lake kulikuwa na nini? Kati ya meza na mtambo uliza: kitabu kilikuwa kimeshikiliwa na nani?

Nianze na kitabu kilichoniumbua.

Moshi wake mkubwa ni tarehe 5 na 6 Juni 1832, Paris. Jenerali Lamarque, mtu aliyependwa na wapinzani wa mfalme, alikuwa amekufa kwa kipindupindu. Mazishi yakageuka uasi, watu wakaziba mitaa kwa mawe na mikokoteni, na kesho yake jeshi likawa limeshamaliza kazi. Ulikuwa uasi wa siku mbili. Kama si Hugo, nje ya Ufaransa nani angeukumbuka?

Meza ndiyo inayochekesha, maana ziko mbili. Hugo alianza kuandika 1845 akaacha 1848, kisha akaurudia mswada 1860 akiwa kisiwani Guernsey, akaumaliza 1861 huko Mont-Saint-Jean, karibu kabisa na uwanja wa vita wa Waterloo. Mtambo: 1862, Brussels na Paris.

Hapo katikati kuna shimo la miaka kumi na miwili. Uliza kilichomo. Februari 1848 mfalme aling'olewa, na Hugo akaingia bungeni. Juni mwaka huohuo wafanyakazi wa Paris waliinuka, na yeye alikuwa upande wa serikali: alikuwa miongoni mwa wabunge waliotumwa kwenye vizuizi vya mitaani kuzima uasi. Kisha Desemba 1851 rais mwenyewe, Louis-Napoléon, akapindua jamhuri, Hugo akapinga, ikambidi akimbie nchi. Kwa hiyo aliyeiacha kalamu 1848 alikuwa mbunge aliyewakabili waasi. Aliyeishika tena alikuwa mkimbizi.

Sasa fungua mwanzo wa sehemu ya tano. Vijana wa 1832 wamezingirwa, sisi wasomaji roho ziko juu, na Hugo anasimamisha hadithi ghafla ili atueleze vizuizi viwili vya Juni 1848. Kimoja ni cha Faubourg Saint-Antoine, lundo kubwa la kila takataka na kila hasira. Cha pili ni cha Faubourg du Temple, kimenyooka kama ukuta wa fundi, kimya. Mara mbili za kwanza niliziruka kurasa hizo nikilalamika kwamba mzee huyu hajui kufupisha. Mara ya tatu, miaka ikiwa imeandikwa ndani ya jalada, nilizisoma polepole. Naziona kama mahali ambapo mtu anarudi kukitazama kizuizi alichowahi kukikabili akiwa upande wa pili. Anaulaumu ule uasi, kisha anawavulia kofia waliokufa ndani yake, sentensi moja ikivutana na nyingine. Hadithi ya 1832 imebebeshwa deni la 1848.

Na kuna kitu kidogo nakipenda. Mtoto Gavroche analala ndani ya sanamu ya tembo iliyosimama uwanja wa Bastille. Tembo huyo wa plasta alikuwapo kweli, lakini alibomolewa 1846. Msomaji wa Paris wa 1862 alikuwa anaonyeshwa kitanda cha mtoto katika jengo ambalo halipo tena.

Pengo likiwa refu

Pengo refu kati ya moshi na meza lisikudanganye ukadhani mwandishi anafanya historia tu. Mara nyingi amekwenda mbali ili aseme jambo la karibu.

Mfano wangu ni Il Gattopardo, riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa. Moshi: Mei 1860, Garibaldi, mpiganaji wa kuiunganisha Italia, anashuka Marsala, Sicily, na watu wake, na ufalme wa zamani unaanza kuporomoka. Meza: kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi karibu na kifo chake Julai 1957. Mtambo: Milan, 1958, baada ya wachapishaji kuikataa mwandishi angali hai. Kati ya moshi na meza ni miaka zaidi ya tisini.

Nje ya dirisha kulikuwa na nini? Mwandishi mwenyewe alikuwa mwana wa ukoo wa kimwinyi ulioishiwa. Aprili 1943 mabomu ya ndege za nchi washirika yaliivunja nyumba ya ukoo wake mjini Palermo. Mwaka 1946 Waitalia walipiga kura wakaufuta ufalme. Hayo yote hayamo katika hadithi ya 1860, lakini subiri ufike sura ya dansi. Wageni wanacheza chini ya dari iliyochorwa miungu, na miungu hiyo inatabasamu ikijiona itadumu milele. Halafu mwandishi anachomeka, kama mtu anayekohoa kanisani, kwamba bomu lililotengenezwa Pittsburgh, Pennsylvania, litakuja kuionyesha kinyume mwaka 1943.

Soma sentensi hiyo mara mbili. Tuko 1862, watu wana glavu nyeupe, na mtu wa 1950 na kitu ametoboa dari akachungulia. Hajifichi. Mahali pa namna hiyo mimi huweka alama pembeni, herufi M kubwa: hapa meza imeonekana ndani ya moshi. Karibu kila kitabu cha aina hii kina mahali kama hapo, ingawa si wote wanaotaja mji kiwanda kilipo.

Kitabu hichohicho kinafundisha jambo jingine: angalia nani anasema. Maneno yake yanayonukuliwa kila mahali, kwamba tukitaka kila kitu kibaki kilivyo lazima kila kitu kibadilike, watu huyaweka kinywani mwa mzee Don Fabrizio, mwinyi ambaye ndiye mhusika mkuu, na wengine huyafanya kuwa falsafa ya mwandishi. Anayesema ni Tancredi, mpwa wake, kijana mwenye madeni na haiba, akiaga kwenda kujiunga na waasi. Hayo ni maneno ya kijana anayetafuta baraka za mjomba. Mzee anakaa nayo kitabu kizima akiyapima, na sina hakika kama mwisho wake anayaamini.

Pengo likiwa fupi

Hapa swali linabadilika. Mtu anayeandika moshi ukiwa bado puani hana nafasi ya kutafakari kwa mbali, kwa hiyo usimdai hilo. Muulize vifaa: aliandikia nini, akaficha wapi, alitegemea nani?

Mshairi wa Kirusi Anna Akhmatova alisimama kwenye foleni nje ya magereza ya Leningrad kwa miezi kumi na saba, miaka ya kamatakamata ya Stalin, mwanawe akiwa ndani. Anasimulia mwenyewe mwanzoni mwa Requiem kwamba mwanamke mmoja kwenye foleni, midomo imegeuka buluu, alimnong'oneza akimuuliza kama anaweza kuyaelezea haya. Akajibu kwamba anaweza. Sehemu kubwa ya mashairi hayo aliitunga kati ya 1935 na 1940. Karatasi ilikuwa hatari kuliko kisu. Rafiki yake Lydia Chukovskaya amesimulia jinsi mshairi alivyokuwa akiandika beti kwenye kipande cha karatasi huku akiongea kwa sauti mambo ya chai na hali ya hewa. Rafiki anasoma kimyakimya, anakariri, kisha karatasi inachomwa kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Mtambo wa kwanza wa shairi hilo ulikuwa vichwa vya marafiki wachache. Wa pili ulikuwa Munich, 1963. Nyumbani kwake likachapwa 1987, miaka zaidi ya ishirini baada ya yeye kufa.

Ukiwa na habari hiyo, soma kwa sauti. Sehemu za Requiem ni fupi, na vina vimekazwa. Alikuwa mshairi wa vipande vifupi tangu ujana, sawa, lakini mimi siwezi tena kuvisikia vina hivyo kama pambo. Ni vishikio. Watu wa lugha yetu, tuliozaliwa na tenzi za kukariri, tungepaswa kulielewa hilo kabla ya wengine.

Falsafa nayo isikutishe, njia ni ileile. Leviathan ya Thomas Hobbes: moshi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, na mfalme Charles wa Kwanza akikatwa kichwa Januari 1649. Meza ni Paris, ambako Hobbes alikuwa amekimbilia tangu 1640, na ambako alimfundisha hesabu mwana wa mfalme huyohuyo. Mtambo ni London, 1651, yaani chini ya utawala wa waliomuua mfalme. Jibu kwanza swali la kwa nini mkimbizi wa upande wa mfalme achapishe kitabu chake kwa maadui wa mfalme, ndipo ufungue sura ya maisha ya binadamu pasipo serikali. Wafuasi wenzake wa mfalme waliokuwa uhamishoni walichukia alichoandika, na muda si mrefu akarudi Uingereza.

Mtambo ulipokwama

Sehemu hii ndiyo inayowasisimua zaidi watu ninaowafundisha, na mimi huwaonya: kitabu kilichozuiwa si lazima kiwe kizuri. Doctor Zhivago ya Boris Pasternak, kwa mfano, nina ugomvi nayo. Watu wanakutana kwa bahati mno, nchi kubwa kama ile, kila safari wanagongana. Lakini angalia mstari wa tatu. Moscow jarida liliikataa 1956. Milan ikachapwa kwa Kiitaliano Novemba 1957, na mchapishaji, Feltrinelli, ndiye huyohuyo aliyeitoa Il Gattopardo mwaka uliofuata. Mwaka 1958 Pasternak akapewa Tuzo ya Nobel, akashinikizwa mpaka akaikataa. Kwao ikachapwa 1988.

Kisa kinachonikaa rohoni ni cha Vasily Grossman. Riwaya yake inayozunguka vita vya Stalingrad, inayoitwa kwa Kirusi Zhizn i sudba, yaani Maisha na Majaliwa, ilikamatwa Februari 1961 na KGB, polisi wa siri wa Kisovyeti. Hawakumkamata yeye. Walichukua mswada, karatasi za kaboni, na hata utepe wa taipureta. Fikiria afisa mzima anachomoa utepe kwenye mashine kwa sababu herufi zimeacha alama. Grossman aliambiwa na mkubwa wa chama kwamba kitabu cha namna hiyo hakiwezi kuchapwa kwa miaka mia mbili au zaidi. Akafa 1964. Nakala iliyokuwa imefichwa ikapigwa picha kwenye mikrofilamu, ikavushwa mpaka, ikachapwa Uswisi 1980, na 1988 ikatoka Moscow.

Msomaji afanye nini na hayo? Tafuta ukurasa waliouogopa. Mimi huacha nafasi nyuma ya jalada nikaandika namba ya ukurasa ninaoshuku. Kwa Grossman niliandika ule ambao afisa wa Kinazi anakaa uso kwa uso na mfungwa, Mbolsheviki mkongwe, akamwambia kwamba wakitazamana wanatazama kioo. Mfungwa anakataa. Ila anakataa huku akiogopa kwamba huenda kuna ukweli. Hapo huhitaji mtu akueleze kwa nini waliubeba na utepe.

Kimya nacho kisomwe

Kuna waandishi ambao msukosuko wameuweka pale ambapo hawakuandika kitu. Gustave Flaubert, katika L'Éducation sentimentale ya 1869, anafika Desemba 1851, siku za yale mapinduzi yaliyomfukuza Hugo. Mfanyakazi mwema, Dussardier, anapaza sauti kuitakia maisha jamhuri, na askari anamchoma upanga. Frédéric, kijana tunayemfuata, anautazama uso wa askari: ni Sénécal, aliyekuwa msoshalisti mkali kuliko wote. Sura inaishia hapo. Sura inayofuata inaanza kwa neno moja la kitendo na kiima chake: alisafiri. Miaka zaidi ya kumi na mitano imepita na hakuna maelezo. Kizazi kizima kilichoshindwa kimezikwa kwenye nafasi nyeupe kati ya sura mbili.

Ukiona mwandishi anaruka miaka, hesabu aliyoiruka, kisha tafuta ni utawala gani ulikuwapo.

Usikifanye kitabu kuwa mganga

Hili ni kosa nililolifanya hata baada ya kujifunza kuandika ile mistari mitatu. Mshairi wa Kijerumani Heinrich Heine ana maneno mashuhuri: wanapochoma vitabu, mwisho watachoma na watu. Leo yako kwenye bamba katika uwanja wa Bebelplatz, Berlin, mahali ambapo tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walichoma vitabu. Kila mtu huyataja kama utabiri, na mimi nilikuwa nayataja hivyohivyo.

Haya, andika mistari. Maneno yamo katika tamthilia Almansor. Moshi: Granada baada ya kuangushwa kwa utawala wa Kiislamu, na kinachochomwa ni Kurani. Meza: 1820 na 1821. Mtambo: 1823. Miaka michache tu kabla ya meza hiyo, Oktoba 1817, wanafunzi wa Kijerumani walikusanyika Wartburg wakachoma maandishi waliyoyaona si ya kizalendo. Heine, Myahudi kijana katika nchi hiyo, hakuhitaji kuona mwaka 1933. Alihitaji kusoma habari za juzi. Na sentensi inakuwa nzito zaidi ikitoka kwenye macho kuliko ikitoka kwenye ndoto.

Miaka yenyewe inapatikana wapi

Mtambo ni rahisi: ukurasa wa hakimiliki, lakini angalia usichukue mwaka wa tafsiri au toleo jipya ukadhani ndio wa kwanza. Moshi utaupata ndani ya hadithi, na pale mwandishi anapouficha, mtafute mfalme, kipindupindu au reli. Meza ndiyo ngumu. Soma dibaji, barua za mwandishi, au wasifu mzuri mmoja. Wengine wanakurahisishia. Geuza ukurasa wa mwisho kabisa wa Ulysses ya James Joyce: chini ya neno la mwisho ameandika Trieste, Zurich, Paris, na miaka 1914 hadi 1921. Hadithi ni ya siku moja ya Dublin, 16 Juni 1904. Kitabu kilichapwa Paris Februari 1922. Dublin aliyokuwa akiijenga mtaa kwa mtaa, sehemu yake iliteketea kwa mizinga mwaka 1916 yeye akiwa mezani Zurich.

Kwa mazoezi, nakupa cha mwisho kilichopo kwenye meza yangu sasa hivi, Suite française ya Irène Némirovsky. Moshi: Juni 1940, watu wanaikimbia Paris, na mwaka wa kwanza wa kukaliwa na Wajerumani. Meza: 1941 na 1942, kijijini, kwenye daftari, kwa mwandiko mdogo sana. Alikamatwa Julai 1942 na akafia Auschwitz mwezi uliofuata. Daftari lilikaa ndani ya sanduku ambalo binti zake walihama nalo kutoka maficho hadi maficho. Mtambo: Paris, 2004.

Kati ya moshi na meza hakuna pengo la kutosha hata kupumua. Kwa hiyo unapokisoma, jikaze usahau 1945, kwa sababu yeye hakuijua. Alipanga sehemu tano na akamaliza mbili. Ya tatu aliipa jina la Utekwa. Ya nne aliiandika Mapigano, ya tano Amani, na mbele ya kila moja ya hizo mbili akaweka alama ya kuuliza.